Maarifa na Masharti Yake: Elimu Asilia ya Viumbe wa Kahuzi-Biega Katika Majukwaa ya Kidijitali

IKISIRI

Makala haya yanachunguza namna maarifa asilia kuhusu mimea, wanyama na mazingira yanavyoweza kushirikishwa katika majukwaa ya kidijitali ya bioanuwai bila ya kuwadhulumu wenyewe. Mfano unaotumiwa ni eneo la Kahuzi-Biega, karibu na mji wa Bukavu, Kivu Kusini. Hoja kuu ni kwamba masharti ya kutumia maarifa, yaani nani aambiwe, lini, na kwa kiasi gani, ni sehemu ya maarifa hayo. Kumbukumbu inayochukua matumizi na kuacha masharti ni pungufu kielimu kabla hata ya kuhukumiwa kimaadili. Makala yanaonyesha pia kazi inayowangoja wanaisimu wa Kiswahili katika jambo hili.

1.0 Utangulizi

Kaskazini-magharibi ya mji wa Bukavu imesimama milima miwili, Kahuzi wenye kimo cha mita 3,308 na Biega wenye kimo cha mita 2,790. Misitu inayoizunguka ni makazi ya gorila wa Grauer, ambaye hapatikani popote duniani ila mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ni makazi pia ya mimea mingi ambayo Watwa, Washi, Wahavu, Watembo na Warega wameijua kwa majina, kwa majira na kwa matumizi tangu zamani sana.

Eneo hili si geni kwa watafiti. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji iliunda taasisi ya utafiti wa kisayansi katika Afrika ya Kati, IRSAC, ambayo kituo chake kikuu kilijengwa Lwiro, kaskazini ya Bukavu. Kituo hicho leo kinaitwa CRSN-Lwiro. Kwa miongo mingi sampuli za mimea iliyokaushwa na madaftari ya wakusanyaji yalisomwa na wataalamu wachache waliopata nafasi ya kufika kwenye makabati yalimohifadhiwa. Katika karne hii hali imebadilika. Taarifa iliyoandikwa kijijini asubuhi yaweza kusomwa jioni na mtu yeyote mwenye intaneti, awe mwanafunzi wa Kisangani au mfanyabiashara wa dawa wa Ulaya.

Mabadiliko haya yana faida kubwa, hasa kwa vyuo vikuu vya Kongo ambavyo kwa muda mrefu vililazimika kuomba nje taarifa za nchi yao wenyewe. Hata hivyo yanazua swali: maarifa ambayo jamii ilimkabidhi mtu mmoja, ana kwa ana, yanakuwa nini yanapowekwa mahali ambapo kila mtu anaweza kuyachukua?

2.0 Jukwaa la bioanuwai na muundo wa kumbukumbu zake

Yafaa kwanza kueleza majukwaa haya yanavyofanya kazi. Lililo kubwa zaidi ni GBIF, mtandao wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 2001 ambao sekretarieti yake iko Copenhagen. Mtandao huo hukusanya kumbukumbu kutoka majumba ya makumbusho, bustani za mimea, vyuo na vituo vya utafiti. Idadi yake sasa inapita bilioni tatu. Jukwaa jingine linalojulikana ni iNaturalist, lililoanza mwaka 2008, ambamo mtu wa kawaida hupiga picha ya kiumbe, akaiweka, na wengine wakamsaidia kukitambua.

Kiini cha kumbukumbu katika majukwaa haya ni kifupi: kiumbe fulani kilionekana mahali fulani, siku fulani, na mtu fulani. Ili taarifa za nchi mbalimbali ziweze kuunganishwa, wataalamu waliidhinisha mwaka 2009 kiunzi cha pamoja kiitwacho Darwin Core. Kiunzi hicho kina nafasi ya jina la kisayansi, nafasi ya jina la kienyeji, nafasi ya viwianishi vya mahali, na nafasi ya jina la aliyekusanya. Kina pia nafasi ya kueleza kwamba taarifa fulani imezuiwa au imefanywa isiwe bayana.

Kwa mtazamo wa mwanaisimu, kiunzi kama hiki ni sarufi. Huamua nini kinaweza kusemwa na nini hakina mahali pa kukaa. Mkusanyaji ana nafasi yake. Mzee aliyemwonyesha mkusanyaji mti, akamtajia jina lake na kumweleza kwamba haukatwi kabla ya mvua, hana nafasi iliyotengwa kwa ajili yake. Akitajwa, hutajwa katika maelezo ya ziada ambayo wasomaji wengi hawayafungui.

3.0 Kilichochukuliwa na kilichoachwa

Kasoro hii haikuanza na kompyuta. Vibandiko vingi vya sampuli zilizokusanywa Kongo wakati wa ukoloni vina jina la mkusanyaji wa Kizungu, tarehe, mahali, na mara nyingi jina la kienyeji la mmea pamoja na neno moja au mawili kuhusu matumizi yake. Aliyelitoa jina hilo kwa kawaida hatajwi. Bustani ya mimea ya Meise, nchini Ubelgiji, imekwisha kuweka picha za sampuli zaidi ya milioni moja katika mtandao, nyingi zikiwa za Afrika ya Kati. Kwa hiyo ukimya wa kibandiko cha zamani sasa unasomwa duniani kote, na unasomwa kana kwamba hapakuwa na mtu aliyeulizwa.

Kivu yenyewe ina historia ndefu ya kuandika elimu ya tiba. Mwaka 1995 kilichapishwa Bukavu kitabu cha Georges Defour chenye maelezo ya kutambulisha mimea 400 ya dawa za watu na mifugo ya Kivu. Taarifa za namna hii zilizotawanyika katika vitabu na tasnifu zimeingizwa pia katika hifadhidata ya Prelude, inayotunzwa na Jumba la Makumbusho la Afrika ya Kati huko Tervuren. Kazi hizi zimeokoa mengi ambayo yangepotea, na mtafiti wa Bukavu anazihitaji. Lakini maarifa yanapohama kutoka kinywani hadi kitabuni, na kutoka kitabuni hadi katika hifadhidata, kila hatua huacha kitu nyuma. Kinachoachwa kwanza ni masharti.

Mfano wa mti uitwao kisayansi Prunus africana unaonyesha hasara hiyo. Mti huu huota katika milima ya Afrika, kuanzia Kameruni hadi Kivu, Kenya na kusini zaidi. Gome lake lilikuwa likitumiwa na waganga wa Kiafrika muda mrefu kabla ya mwaka 1966, wakati Mfaransa Jacques Debat alipochukua hataza ya kulitumia kutibu uvimbe wa tezi ya kibofu kwa wanaume wazee. Biashara iliyofuata ilipeleka Ulaya maelfu ya tani za gome. Miti ilimenywa kiasi kwamba mwaka 1995 spishi hiyo iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao unadhibiti biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Kongo ni miongoni mwa nchi ambazo gome hilo limesafirishwa kutoka humo.

Mti huu ukimenywa upande mmoja kwa kiasi, huota gome jipya. Ukimenywa kuzunguka shina zima, mara nyingi hufa. Anayeutegemea mti mmoja maisha yake yote hana budi kujua kiasi. Anayenunua gome kwa tani hana haja ya kukijua. Biashara ilichukua nusu ya maarifa, yaani kwamba gome linatibu, ikaacha nusu ya pili, yaani gome kiasi gani, kutoka upande gani, na baada ya muda gani. Nusu iliyochukuliwa ndiyo inayoandikika kwa urahisi katika jedwali. Nusu iliyoachwa ndiyo iliyokuwa ikiulinda mti.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata haiijui siri hiyo kwa kuelezwa. Huijua kwa kuingia na kutoka mtungini kila siku.

4.0 Watwa na msitu wa Kahuzi-Biega

Katika Kahuzi-Biega suala hili ni zito kuliko mahali pengine, kwa kuwa wenye maarifa walitengwa na mahali pa maarifa yao. Hifadhi ya Taifa iliundwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975. Mwaka 1980 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Katika kipindi hicho Watwa waliokuwa wakiishi msituni walifukuzwa bila ya kushauriwa na bila ya kulipwa fidia. Baadhi yao waliajiriwa baadaye kuwa wafuatiliaji wa nyayo za gorila. Watu walewale waliokatazwa kuishi msituni ndio waliowaongoza watafiti na watalii ndani yake.

Mwezi Oktoba 2018 baadhi ya familia zilirejea msituni, na mapambano kati yao na walinzi wa hifadhi yalisababisha vifo. Wakati huo shauri lao lilikuwa limekwisha kufikishwa mwaka 2015 mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu, kwa juhudi za shirika la Minority Rights Group na shirika la ERND la Bukavu. Uamuzi wa Tume, uliotangazwa mwaka 2024, ulikiri kwamba haki za Watwa zilivunjwa. Uliitaka serikali, pamoja na mambo mengine, kuwarudishia ardhi yao, kuwalipa fidia na kuwaomba radhi. Tume ilikataa pia dhana kwamba uhifadhi wa msitu unadai kuondolewa kwa watu walioutunza.

Uamuzi huo unamhusu hata mtafiti ambaye hana shughuli na mahakama. Maarifa ya msitu hudumu kwa kutumiwa. Mtoto ambaye hajawahi kuufikia mti anaojifunza jina lake hujifunza neno tu. Mtafiti anayekwenda katika makazi ya Watwa nje ya hifadhi, akaandika majina na matumizi ya mimea, kisha akayaweka katika jukwaa, anahifadhi neno hilo. Akisema kwamba amehifadhi maarifa ya Watwa, amesema zaidi ya alichofanya. Hifadhidata haiwezi kuwa badala ya njia ya kuingia msituni.

5.0 Suala la lugha

Kazi nyingi za kukusanya taarifa Kivu Kusini hupitia lugha tatu au nne. Mzee husema kwa Mashi au Kitembo, msaidizi hufasiri kwa Kiswahili, mtafiti huandika kwa Kifaransa, na jukwaa huonyesha Kiingereza. Kiswahili, kikiwa mojawapo ya lugha nne za taifa, ndicho daraja la kazi hiyo. Daraja huvusha, lakini pia huweza kuangusha mizigo njiani.

Tatizo la kwanza ni jina. Mmea mchungu unaojulikana na wataalamu kama Vernonia amygdalina huitwa mubirizi katika Mashi na umubilizi katika Kinyarwanda. Fomu yenye nafasi moja tu ya jina la kienyeji, isiyouliza ni jina la lugha gani, hufuta uhusiano huo na huacha neno lisilo na wenyewe. Zaidi ya hayo, wataalamu wengi sasa huuita mmea huohuo Gymnanthemum amygdalinum. Hali kadhalika Prunus africana iliitwa hapo awali Pygeum africanum, na jina hilo la kale lingali likitumika madukani Ulaya. Jina la kisayansi hubadilika; mubirizi limebaki mubirizi. Kulichukulia jina la kienyeji kama nyongeza isiyo ya lazima ni kosa la kielimu.

Tatizo la pili ni maana. Neno dawa katika Kiswahili hujumlisha kinachoponya, kinachoua wadudu, na kinachokinga nyumba dhidi ya husuda. Kadhalika mitishamba huunganisha mti na tiba katika neno moja. Yanapofasiriwa kwa neno la Kizungu lenye maana ya dawa ya hospitali tu, sehemu kubwa ya maelezo ya mzee huonekana kama ushirikina au hutupwa. Hata neno la mahali hubeba msimamo: eneo ambalo serikali huliita hifadhi, wenyeji wengi huliita pori, na waliozaliwa humo huliita nyumbani.

Tatizo la tatu ni ridhaa. Neno hili ni la kitabuni. Kijijini husikika zaidi ruhusa na kukubali. Ruhusa kwa kawaida hutolewa kwa tendo moja linalojulikana. Mzee anayemruhusu mwanafunzi aandike katika daftari lake hajaruhusu taarifa hiyo inakiliwe duniani kote bila ya kikomo, kwa kuwa tendo hilo hakulielezwa. Ruhusa ya kuingia nyumbani si ruhusa ya kubeba vyombo. Fomu ya Kifaransa iliyotiwa alama ya kidole haiondoi tofauti hiyo.

6.0 Sheria na kanuni zilizopo

Msingi wa kisheria upo. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, katika kifungu cha 8(j), unazitaka nchi ziheshimu na kuhifadhi maarifa ya jamii asilia, na ziyatumie kwa idhini na ushiriki wao. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, ilieleza zaidi kuhusu mgawanyo wa faida. Nchini Kongo, Sheria Na. 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 kuhusu uhifadhi wa mazingira asilia inagusa rasilimali za kijenetiki na maarifa ya jadi yanayoambatana nazo. Sheria Na. 22/030 ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za jamii asilia za Mbilikimo. Tarehe 24 Mei 2024, huko Geneva, nchi wanachama wa WIPO zilipitisha mkataba unaomtaka mwombaji wa hataza ataje chanzo cha rasilimali za kijenetiki au cha maarifa ya jadi alikotegemea. Mkataba huo unahitaji nchi 15 ili uanze kutumika. Ungekuwapo mwaka 1966, historia ya gome lililotajwa hapo juu huenda ingekuwa nyingine.

Kwa upande wa data, zipo kanuni za CARE zilizotolewa mwaka 2019 na muungano wa jamii asilia wa kimataifa. Herufi zake husimamia manufaa ya pamoja, mamlaka ya kudhibiti, wajibu, na maadili. Zilitolewa kama jibu kwa kanuni za awali zilizosisitiza uwazi wa data pasipo kuuliza uwazi huo ni kwa faida ya nani. Leseni zinazotumiwa na GBIF zinaonyesha pengo hilo. Zote tatu humchukulia mwenye data kuwa mtu au taasisi inayoweza kuachia haki zake. Hakuna hata moja iliyotungwa kwa ajili ya elimu inayomilikiwa na ukoo, au inayorithishwa kwa masharti.

7.0 Njia za kushirikisha kwa heshima

Njia ya kwanza ni kutenganisha tabaka za maarifa. Tabaka la kwanza ni jina la kiumbe na lugha ya jina hilo, ambalo mara nyingi jamii hufurahi lijulikane. Tabaka la pili ni matumizi ya jumla na majira. Tabaka la tatu ni namna ya kutayarisha, kiasi, mahali hasa panapochumwa, na mambo ya ibada. Kila tabaka lahitaji swali lake la ridhaa, na jibu la tabaka moja lisihamishiwe jingine. Uamuzi wa tabaka la tatu ni wa jamii, na mara nyingi jibu sahihi litakuwa kutoandika kabisa. Kisichoandikwa hakivuji.

Njia ya pili inahusu mahali. Jukwaa la iNaturalist huficha viwianishi vya spishi zilizo hatarini kwa kuonyesha nukta ya kubahatisha ndani ya mraba wa nyuzi 0.2, yaani karibu kilometa 22 kwa 22 katika eneo la Kivu. Huo ni ulinzi wa maana, lakini hufuata hali ya spishi na wala haufuati uamuzi wa watu. Mmea wa kawaida unaoota penye makaburi ya wazee hautafichwa mpaka anayeuweka achague kuuficha. Tahadhari hii ni ya lazima zaidi mahali ambapo vikundi vyenye silaha vimezunguka misituni kwa miaka mingi, na ambapo Bukavu yenyewe iliingia mikononi mwa M23 mwezi Februari 2025. Nukta ya ramani katika nchi ya vita huonyesha alipo mnyama, na huonyesha pia watu wanakopita.

Njia ya tatu ni kuyaambatisha masharti kwenye kumbukumbu. Mradi wa Local Contexts, ulioanzishwa mwaka 2010 na Jane Anderson na Kim Christen, umetayarisha lebo ambazo jamii yenyewe huziweka juu ya data zake. Lebo yaweza kueleza kwamba taarifa ni ya msimu fulani, si ya biashara, au lazima itajwe na jina la jamii. Lebo haina nguvu ya mahakama, lakini inarudisha katika kumbukumbu kile kilichoachwa na kibandiko cha zamani. Ina nafasi pia ya kuandikwa kwa lugha ya wenyewe, jambo ambalo idara za Kiswahili za Bukavu zingeweza kulishughulikia.

Njia ya nne ni kuanza na kazi ambayo jamii inaihitaji. Mwaka 2006, huko Nessuit nchini Kenya, wazee na vijana wa Ogiek walitengeneza ramani ya mfano wa pande tatu wa msitu wa Mau, wakaijaza majina ya mahali na matumizi yake ya zamani. Ramani ilikuwa ushahidi wao wa kudai ardhi kabla ya kuwa data ya mtu mwingine. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ilitoa hukumu kwa upande wa Waogiek katika kesi yao dhidi ya serikali ya Kenya. Ramani pekee haikuleta hukumu hiyo, lakini mfano huu waonyesha kwamba kazi ileile ya kuandika majina hubadilika maana kwa kutegemea nani anayeishika.

Mwisho, kumbukumbu irudi nyumbani. Taarifa iliyochukuliwa kwa Mashi isomwe tena kwa Mashi mbele ya walioitoa, isahihishwe, na wapewe nakala wanayoweza kuitumia bila ya intaneti. Waambiwe pia ukweli ambao watafiti wengi hauwatoki: taarifa ikishanakiliwa na wengine, kuifuta katika jukwaa moja hakuifuti duniani.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba jukwaa la kidijitali halibuni dhuluma mpya; hueneza kwa kasi mazoea ya zamani ya kuchukua matumizi na kuacha masharti. Gome la Prunus africana lilienda Ulaya bila ya kiasi chake, na Watwa waliondolewa katika msitu ambao maarifa yao yaliuhitaji. Kwa hiyo heshima haiwezi kuongezwa mwishoni mwa mradi kwa njia ya shukrani. Mahali pake ni katika fomu ya kwanza, katika lugha ya swali la kwanza, na katika utayari wa kulikubali jibu la hapana.

Wanafunzi wa Kiswahili wana sehemu yao mahsusi. Maneno ya ridhaa yanayoeleweka Kabare na Kalehe, faharasa za majina ya viumbe zinazotaja kila jina ni la lugha gani, na tafsiri isiyoifinya dawa kuwa kidonge: hizo ni kazi za lugha, na hakuna programu itakayozifanya kwa niaba yao.